Maji ya Gari

Tulimzika baba mkubwa Anaeli wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kununa. Nanuna gereji, nanuna mezani, nawanunia hata watoto ambao hawana kosa. Msemaji wa familia alisimama mbele ya jeneza, akakunjua karatasi, akasema marehemu alikuwa mtu safi. Hakutosheka kusema mara moja. Alisema safi wa mwili, safi wa nyumba, safi wa kazi, na watu walioketi chini ya turubai wakatikisa vichwa, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu walikuwa na njaa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wapishi, kisu mkononi, namenya ndizi. Binti mmoja aliyeolewa juzi juzi kwenye ukoo wetu akanisogelea akaninong'oneza, "Dada Nakundwa, mbona simwoni mjane? Hivi kweli mke anaweza kukosa msiba wa mumewe?" Nikamjibu, "Anaweza." Akangoja niendelee. Mwanamke mwingine akamvuta kanga, akamtuma sahani. Basi nimeona niyaandike, kwa sababu wanaoyajua tumebaki wachache, na wengi wetu tumezoea kuvutana kanga.

Ya ukoo wetu nayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kuona aibu, na nilishuka kutoka Mhezi, kwetu milimani, kwenda Same kukaa kwa kaka yake baba kwa mwaka mmoja. Ahadi ilikuwa kwamba nikikaa vizuri, yeye mwenyewe atanipeleka chuo cha ufundi nikasomee magari. Nilitaka magari tangu utotoni, na nyumbani walicheka, lakini baba mkubwa hakucheka. Alikuwa dereva wa ofisi maisha yake yote, amewaendesha wakubwa Dar es Salaam hadi akastaafu, na alipostaafu alinunua gari lake mwenyewe, saluni ya bluu nzito inayokaribia weusi. Lilikaa kwenye banda lenye bati jipya. Jiko la mama mkubwa Ruthi, hatua kumi kutoka pale, lilikuwa na bati lililotoboka, na masika alipika akiwa amejitanda kiroba kichwani.

Siku ya pili asubuhi aliniita bandani. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Umewahi kuosha gari?" Nikasema nimewahi kuosha pikipiki ya mwalimu. "Kwa kutumia nini?" "Dodoki na sabuni ya unga." Alifumba macho kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Kisha akaniongoza hadi kwenye boneti, lililokuwa na vumbi jekundu la safari ya jana, akanizuia mkono kabla sijaligusa. "Unaliona laini kama poda, siyo? Huu ni mchanga. Ukipitisha kitambaa hapa, hujaosha gari, umelipiga msasa. Kazi yako si kusugua. Kazi yako ni kuhakikisha uchafu umeondoka kabla mkono wako haujafika."

Nitaieleza njia yake, kwa sababu hasira yangu haijanifanya mwongo: njia ile ni sahihi, na hadi leo naosha gari langu hivyo hivyo. Unaanza alfajiri kukiwa kumepoa, au jioni, kivulini, kamwe si juani, maana sabuni ikikaukia kwenye rangi inaacha ramani. Unaosha matairi na rimu kwanza, kwa brashi yake na ndoo yake, visichangamane na vingine. Halafu unachukua bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa nyanya na kahawa, jipya ambalo halijawahi kuonja dawa, unajaza maji, unapiga pampu, na unalinyeshea gari kuanzia kwenye paa kushuka chini mpaka vumbi lianze kutiririka lenyewe. Unamwaga maji hayo, unajaza maji yenye shampuu ya gari, unapulizia tena kuanzia chini kwenda juu hadi gari lote livae povu. Unangoja. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kungoja. Povu linashuka polepole limebeba uchafu, na wewe mikono iko nyuma. Unasuuza. Kama kuna kinyesi cha ndege au mdudu amegandia kwenye bampa, unamlazia kitambaa kilicholowa mpaka alainike, huparui. Kukausha pia hufuti: unalaza taulo laini juu ya bati, unaligonga kwa kiganja, unaliinua, unalisogeza mbele. Mwisho waksi ya kupulizia, ukungu mdogo tu, na kitambaa kikavu kinachopita juu yake kwa uzito wake wenyewe. "Kama unasikia bega linachoka," aliniambia, "ujue unakosea."

Nilijifunza ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa na mkono mwepesi na nilijivunia, siwezi kukana. Nikimaliza nilirudi hatua chache nyuma, na milima ya kwetu ilionekana kwenye mlango wa gari, na wingu juu yake. Baba mkubwa alizunguka akichungulia kwa pembe, shavu karibu na bati, na siku aliposema "Hapa hata mimi nisingeweza," nilikosa usingizi kwa furaha. Alinipa ufunguo wa tanki siku hiyo. Aliutia kwenye kamba ya kiatu akanivisha shingoni mwenyewe.

Tanki. Kila kitu kilikuwa hapo. Maji ya bomba pale kwetu yalikuwa na chumvi. Ukiosha nayo gari likakauka, linabaki na madoa meupe, duara ndogo ndogo kama ukurutu, na ukiyafuta unakwaruza. Kwa hiyo baba mkubwa alizungushia nyumba nzima mifereji, maji yote ya mvua yakaingia kwenye simtanki kubwa jeusi kando ya banda, na kwenye koki akapiga kufuli. Maji yale yalikuwa matamu kama ya chemchemi za kwetu milimani. Yalikuwa ya gari. Sisi tulikunywa, tukapikia na kuogea ya chumvi.

Mama mkubwa alikuwa mtu wa Suji, huko huko milimani, amekulia kwenye maji mepesi, na hakuwahi kuyazoea yale. Tena alipenda kupika makande, na yeyote aliyewahi kupika maharage kwa maji ya chumvi anajua: hayaivi. Yanachemka tangu asubuhi, kuni zinakwisha, na bado ukiyatafuna yanakuwa kama kokoto. Alikaa kwenye kigoda chake jikoni, mguu wa kushoto amenyoosha kwa sababu nyonga ilikuwa inamuuma, anachochea moto, anaongeza maji, anachochea. Tulikula sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio ikisoma taarifa ya habari. Baba mkubwa alitafuna kidogo, akasogeza sahani. "Ruthi, makande haya ni magumu." Kila Jumapili. Mama mkubwa alisema, "Ni maji, Anaeli." Naye alijibu kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Wanawake wengine wa Same wanapika kwa maji haya haya." Halafu alinigeukia mimi kuuliza kama waksi imebaki ya kutosha.

Siku moja nilikuwa bandani nakausha paa nikawasikia kupitia dirisha la chumba chao. Mama mkubwa aliacha Kiswahili akahamia Kipare kila alipokuwa na uchungu, na pale alikuwa amehamia. Alisema: ndoo moja kwa wiki, ya makande tu, siombi ya kuoga. Baba mkubwa akasema ndoo moja leo, kesho mbili, keshokutwa majirani wamejua, na Agosti, kiangazi, gari litaoshwa kwa maji gani? Akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja: "Gari likiharibika rangi halirudi. Maharage utapika mengine." Nilisikia tu mlango wa kabati ukifungwa. Na mimi, mwenye ufunguo shingoni, niliendelea kugonga taulo kwa kiganja, taratibu, nikihakikisha bega halichoki. Nikifika hapa nakasirika upya, na si kwa ajili ya marehemu peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina akili zangu. Ningeweza kumchotea sufuria moja kila alfajiri na asingejua kamwe. Sikuchota. Nilikuwa nasubiri chuo.

Oktoba mabomba yalikauka. Siku ya kwanza watu walilalamika, siku ya nne walinyamaza, siku ya kumi wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakipanga foleni kwenye kisima kimoja upande wa pili wa barabara kuu, madumu yamefungwa kwa kamba kuonyesha nani yuko nyuma ya nani. Mimi ndiye niliyekwenda kisimani kila asubuhi kwa ajili ya nyumba yetu. Lakini Ijumaa ile baba mkubwa alinizuia mlangoni nikiwa na dumu mkononi. Kesho yake gari lilikuwa linabeba bibi harusi, binti wa mzee mwenzake wa kanisa. "Leo huendi popote," akasema. "Leo ni kuosha na waksi mara mbili."

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. "Na maji ya kupikia?"

"Utaazima kwa jirani."

"Jirani naye hana. Nipe ndoo moja, Anaeli. Moja tu, leo tu."

"Harusi ni kesho, Ruthi."

Hakumtazama tena mumewe. Alinitazama mimi. Alitazama kamba ya kiatu iliyokuwa shingoni kwangu, kisha uso wangu. Nikaangalia miguu yangu. Akaja, akalichukua dumu mkononi mwangu, akaweka kata ya kanga kichwani, akatoka getini akichechemea. Mimi nikaenda kwenye tanki, nikafungua kufuli, nikaanza kujaza bomba la mgongoni.

Povu lilikuwa bado linashuka kwenye milango nilipomsikia Mama Zaituni, jirani yetu aliyekuwa akiuza mihogo barabarani, akiita kwa nguvu kutoka njiani. "Nakundwa! Weee Nakundwa! Mama yenu ameanguka!" Nilikimbia hivyo hivyo, bomba mgongoni. Alikuwa amelala ubavu kando ya kisima, mahali ambapo maji ya kumwagika yalikuwa yametengeneza tope, dumu limepasuka pembeni yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeuka vibaya, sitaeleza. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo, haraka haraka, na alipoona nimefika alisema, "Usinishike mguu."

Baba mkubwa alikuja na gari. Nakubali alikuja upesi. Hakusubiri hata povu lisuuzwe, lilikuwa linadondoka njia nzima. Wanawake wanne wakajipanga kumwinua, Mama Zaituni akashika mabega. Baba mkubwa akafungua mlango wa nyuma, akatazama kiti, akamtazama mkewe aliyelowa tope kuanzia kichwani, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Subirini. Nailoni kwanza."

Mama Zaituni hakuelewa. "Nailoni ya nini?"

"Ya kiti. Iko kwenye buti. Nakundwa, tandika."

"Baba," Mama Zaituni akasema, "mtu anakufa hapa."

"Hafi. Tandika, Nakundwa."

Nikatandika. Hili nimelibeba miaka yote hii na sijampata wa kumpa. Sikuitupa tu nailoni kwenye kiti. Niliikunjua, nikaisukuma kwenye pembe za kiti, nikaichomeka nyuma isiteleze, kama alivyonifundisha kufanya kila kitu, kwa uangalifu. Wanawake walisimama wamembeba mama mkubwa mikononi wakiningoja nimalize. Alikuwa amegeuza uso upande wangu na aliona yote.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali ya Same wakasema aende Moshi, wakampeleka kwa gari lao. Baba mkubwa hakupanda nalo. Alirudi nyumbani jioni, akazunguka gari lake, akakuta tope kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mahali nailoni haikufika. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi mezani, "Kesho asubuhi uanze upya. Saa sita nalipeleka kwa bibi harusi." Nikamuuliza nani yuko na mama huko Moshi. Akasema kuna wauguzi.

Asubuhi alikwenda kunyolewa. Nilishuka bandani, nikatungua bomba la mgongoni ukutani, nikapiga magoti mbele ya koki ya tanki. Kupitia uzio niliwasikia wanawake wakipita kuelekea kisimani, madumu matupu yakigongana. Sikupanga chochote, wala sikuwa shujaa, mkono ulikuwa tayari kwenye kufuli kwa ajili ya gari. Nilifungua kufuli, nikasimama, nikaenda kufungua na geti. Mama Zaituni ndiye aliyekuwa mbele. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, njoo uchote." Akanitazama kama mtu anayetegwa. "Anajua?" "Hajui." Akafikiri kidogo, akaweka dumu chini ya koki.

Walikuja mtaa mzima. Walikuja na ndoo, sufuria, beseni, mmoja akaja na birika kwa sababu vyombo vingine vyote vilikuwa kisimani. Hakuna aliyepiga kelele. Walichota kimya kimya kama watu walio kanisani, na kila aliyejaza alionja kidogo kwa kiganja, na karibu wote walisema neno moja lile lile: "Matamu." Hasira yangu ilizidi kila nilipolisikia. Matamu, naam. Mwaka mzima yalikuwa hapa, na aliyestahili kuyaonja kwanza alikuwa Moshi, mguu umefungwa mawe ya kuuvuta.

Baba mkubwa aliporudi, kidevu kinang'aa, tanki lilikuwa linatoa matone. Alilipiga kwa ngumi, likalia kama ngoma. "Maji yako wapi?"

"Yako majikoni, baba."

"Majikoni kwa nani?"

"Kwa watu."

Hakunipiga. Ningependa kusema alinipiga, ingekuwa rahisi kumweleza. Alinyoosha kiganja, nikavua kamba, nikamwekea. "Chuo usahau," akasema. "Jumatatu upande gari la Mhezi." Na saa sita akaliendesha gari lake kwenda harusini likiwa na povu lililokaukia ubavuni na tope kwenye kizingiti, na nasikia aliliegesha upande wa ukutani ili watu wasilione.

Baba yangu hakuongea na mimi kwa wiki mbili. Mama aliniuliza kama nilikuwa na homa siku ile. Kwa watu wa nyumbani lilikuwa jambo moja tu: mtoto amepewa nafasi na mkubwa wake, akamwaibisha. Mvua za vuli zilipokwisha, hospitali wakamruhusu mama mkubwa, na kwa kuwa Same hakukuwa na wa kumuuguza, aliletwa kwetu juu, akawekwa kwenye chumba changu. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimshika alipojifunza kutembea na magongo. Hatukuzungumza habari ya Ijumaa ile. Nilipojaribu alisema, "Lete chai, mwanangu."

Mwezi wa tatu baba mkubwa akatuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua mkewe, na kwamba kabla ya hapo angependa yaishe. Alikuja kwa basi, kwa sababu barabara yetu ina mawe yanayoruka. Kikao kilikuwa chumba cha mbele: baba, mama, binamu wawili wa baba, mzee mmoja wa usharika, baba mkubwa kwenye kiti chenye mto. Mama mkubwa walimketisha karibu na dirisha, magongo yameegemezwa ukutani. Walinywa chai na viazi vitamu, wakazungumzia kahawa, kisha wakaniita. Mzee wa usharika alisema vizuri sana juu ya heshima. Baba akasema, "Umesikia. Piga magoti, umwombe msamaha baba yako mkubwa, tumalize."

Nilikuwa nimejiapiza tangu asubuhi kwamba sitapiga magoti. Nilisimama pale nikihesabu mbao za dari, mama ananikonyeza, mzee anakohoa. Kisha nikamtazama mama mkubwa, nikaona jinsi alivyoketi upande upande ili asikalie ule upande mbovu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa na ufunguo na nikakuacha uende. Na ile nailoni niliitandika mimi."

"Si huyo!" baba akasema. "Wewe mtoto, nimesema baba yako mkubwa!"

"Mwacheni," mama mkubwa akasema. Alisema kwa Kipare, polepole, kila mtu asikie. "Nimelala hospitali, nimelala kwenye chumba hiki, watu wote mmekuja kuniona. Huyu ni wa kwanza kuniomba msamaha."

Kikombe cha mtu kiligonga kisahani. Baba mkubwa akasema gari la kushuka linaondoka saa nane, heri tufungashe vitu. Mama mkubwa akasema, "Nenda, Anaeli. Mimi nabaki."

"Unabaki mpaka lini?"

"Nabaki."

Baba mkubwa alimgeukia baba yangu, mdogo wake, aseme kitu. Baba alikuwa ameinamia chai yake. Aliwageukia binamu zake, akamgeukia mzee wa usharika, ambaye alikuwa ghafla amepata kazi ya kutafuta miwani mfukoni. Basi akasimama, akakung'uta suruali mara mbili, akachukua kofia. Kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu. Hata awe amekuja kudai, unatembea naye mpaka anapopandia gari. Baba aliinuka nusu. Kisha akamtazama mama mkubwa, akaketi tena. Kupitia dirishani nilimwona baba mkubwa akishuka njia ya migombani peke yake, anakanyaga pembeni pembeni kukwepa tope, anageuka nyuma mara moja, anaona hakuna mtu.